Manyoya ya Agosti

"Tano," alisema Ndunge. "Tano. Tano. Nne. Mbili. Halafu sifuri hadi mwisho."

Kageha aliandika. Penseli yake ilikuwa imebaki fupi kama kidole cha mwisho, na aliishika kwa nguvu, vile alivyofundishwa darasa la nne, mwaka wake wa mwisho shuleni. Lakini namba zake zilikuwa safi. Siku moja Ndunge alimwambia kwamba katika watu wote waliowahi kumwandikia, ni namba zake yeye, Mama Annet, pekee ambazo hazijawahi kumtatiza. Kageha alilibeba neno hilo hadi nyumbani, na hata sasa, miaka miwili baadaye, hulitoa mara moja moja akalitazama.

Jua lilikuwa bado nyuma ya mabati ya Silanga, mtaa wa Kibera ulio kando ya bwawa. Bwawa lilikuwa limezibwa na magugu maji hadi ungefikiri ni shamba la mtu, ila ukingoni, kati ya magugu na vishamba vya nduma, palibaki ukanda wa matope matupu. Hapo ndipo vitwitwi walipokuja kula, ndege wembamba wenye miguu mirefu, kila mmoja uzito wa yai, waliotoka mbali sana, upande wa barafu. Na hapo ndipo Ndunge, aliyekuwa akisomea ndege chuo kikuu, alipotega wavu wake kila Jumamosi alfajiri. Aliwanasa, akawavalisha pete mguuni, akasoma mabawa yao, akawaachilia.

Kageha hakuwa mtu wa ndege. Alikuwa fundi wa nguo, mwenye cherehani moja chini ya mwavuli kando ya njia iendayo bwawani. Ndunge alimjia akitaka mifuko arobaini ya pamba laini, yenye kamba ya kufungia mdomo, ya kuwahifadhi ndege wanapongoja zamu. "Mshono uwe nje," alisema. "Ukiwa ndani kucha zao zinanasa kwenye nyuzi." Kageha alimpenda kwa hilo. Mtu anayefikiria kucha za ndege! Alishona mifuko, akaileta mwenyewe, akakaa kidogo aone inavyotumika, na tangu siku hiyo hakuondoka tena.

Zile namba alizielewa upesi kwa sababu zilifanana na kazi yake. Sifuri ni unyoya wa zamani, ule ndege aliokuja nao, umefifia rangi na ncha yake imelika kama kola ya shati linalovaliwa kila siku. Tano ni unyoya mpya uliokwisha kukua, mweusi, unang'aa. Moja hadi nne ni ule ulio njiani. Kila bawa lina manyoya makubwa kumi ya kurukia, na ndege huyaangusha machache machache, kuanzia ya ndani kwenda ya nje, asije akabaki hana la kumbeba.

"Huyu amependeza," Kageha alisema, akimtazama ndege mkononi mwa Ndunge. "Agosti haijaisha na tayari ameanza kuvaa mapya. Mwaka huu mambo yalimwendea vizuri. Watoto wake lazima wote walisimama."

Ndunge alitabasamu bila kuinua macho. "Watu wengi hufikiria hivyo. Lakini ni kinyume, Mama Annet."

"Kinyume vipi?"

"Hawa wanaofika mapema, wakaanza kubadilisha mapema, wengi wao ni wale walioshindwa. Huko kaskazini wanataga mayai manne chini tu, kwenye nyasi. Mbweha akipita, ama baridi ikirudi ghafla, basi. Na kiangazi cha huko ni kifupi, hakuna muda wa kutaga tena. Sasa atabaki akifanya nini? Anaondoka. Kazi ya kulea ikikatika, mwili unaanza ile kazi nyingine, ya manyoya."

"Na wale waliochakaa? Wale wa Septemba?"

"Hao ndio waliolea. Wamekaa na watoto hadi dakika ya mwisho. Huwezi kulea na kujenga bawa wakati mmoja, chakula ni kile kile kimoja. Wanakuja na manyoya yale yale, yamechanika, na wanaanza kubadilisha wakiwa wamechelewa."

Penseli ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Kwa hivyo huyu," Kageha alisema polepole, "amevaa hivi kwa sababu amepoteza."

"Siwezi kuapa juu ya huyu mmoja. Ukiwachukua mia pamoja, ndiyo, inaonekana. Mmoja mmoja huwezi kumsoma." Ndunge akamgeuza ndege, akayapuliza manyoya ya kifua kwa pumzi ndogo aone mafuta chini ya ngozi. "Huyo alipitia nini, anajua mwenyewe. Tunaendelea?"

Waliendelea. Lakini Kageha aligeuza shingo akatazama kamba iliyofungwa kati ya vigingi viwili, mahali mifuko iliponing'inia. Ndiye aliyekuwa na kazi ya kuwapanga, na kwa miaka miwili alikuwa na mtindo wake ambao hakumwambia mtu. Akichungulia mfukoni akamwona ndege aliyechakaa, alimpeleka mbele apimwe upesi, aende zake, maana huyo amechoka. Mwenye manyoya mazuri alimwacha nyuma. Wewe una nguvu, alikuwa akimwambia kimoyomoyo. Wewe ngoja.

Ile mifuko ya mwisho kwenye kamba ilikuwa ikitikisika kidogo kidogo.

*

Annet ndiye kifungua mimba wake na ndiye binti wake wa pekee. Ndiyo maana Kibera nzima, kuanzia Silanga hadi Makina, Kageha hakuwa na jina lingine ila Mama Annet. Waliomwita hivyo wakimletea viatu vya kurekebishwa kamba, zipu za kubadilishwa, salamu za asubuhi, hakuna aliyejua kwamba tangu Mei jina hilo lilikuwa likimchoma.

Annet aliolewa na Isaac, fundi wa mawe, wakahamia Kawangware, upande unaoitwa Kongo. Wakapata mtoto wa kiume. Wakamwita Ambrose, jina la baba yake Annet, aliyekufa miaka sita kabla. Kwao Maragoli jina likirudi hivyo ni mzaha mkubwa na furaha kubwa. "Mume wangu amekula?" Kageha aliuliza kila alipopiga simu. "Mwambie nimemshonea kaptura, aache kutembea uchi mjini." Mtoto alipofika mwaka mmoja na miezi minne alijua kusimama mbele ya cherehani na kusukuma kanyagio kwa mkono, akicheka kila sindano iliporuka.

Alikufa Machi. Kikohozi cha Jumatatu, Alhamisi hakuna mtoto. Walimzika kwao Sabatia, kando ya babu yake. Siku ya tatu waliketi kwenye ngozi na mikeka nje ya nyumba, na shangazi mtu akawanyoa wote, mama, baba, nyanya, kila kichwa na wembe wake mpya. Nywele zikafukiwa. Kageha aliporudi Nairobi aliziacha zake ziote zinavyotaka. Hakuchana. Hakupaka mafuta. Alifunga kitambaa juu yake akaendelea kushona, na chini ya kitambaa kichwa kilikuwa kama kichaka. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake kwa yule mtoto, na, tuseme ukweli, alijivunia kidogo.

Mwezi Mei wanawake wa kanisa walikuja kwake kumwombea marehemu. Walikuwa kumi na mmoja ndani ya chumba kimoja, wengine juu ya kitanda. Annet akaingia akiwa amechelewa. Alikuwa amesukwa rasta nyekundu hadi kiunoni. Alivaa gauni la manjano. Kucha zake zilikuwa na rangi. Mkononi alishika pakiti mbili za maziwa.

Wanawake walinyamaza. Kageha alihisi ukimya ule kama mkono unaomsukuma mgongoni.

"Hata miezi miwili haijatimia," alisema. "Nywele ulizonyolewa kwa ajili ya mtoto hazijafika urefu wa ukucha, na tayari umezifunika na hiyo plastiki nyekundu? Wewe ni mama wa aina gani?"

Annet alifungua mdomo.

"Ama ulikuwa unangoja tu uwe huru?"

Hapo mmoja wa wanawake alisema, "Aii, Mama Annet," kwa sauti ndogo. Ilikuwa huruma, na ilikuja ikiwa imechelewa. Annet aliweka maziwa juu ya meza, akageuka, akatoka. Chai ilipikwa kwa maziwa yale. Waliyanywa.

Tangu siku hiyo, kila alipompigia, alijibiwa na yule mwanamke wa mashine kwamba nambari haipatikani.

*

Jumanne iliyofuata ile Jumamosi ya bwawani, Kageha alifunga cherehani mapema. Kaltuma, mwenye nyumba wake, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mchele kwenye ungo, alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani. Walikuwa wamejuana miaka ishirini na miwili, na Kaltuma, ambaye wazee wake walikuwa Kibera kabla ya mabati ya kwanza, hakuwahi kumficha kitu.

"Unaenda wapi na viatu vya kanisa?"

"Kawangware."

Mkono wa Kaltuma ulitulia ndani ya mchele. "Na hicho kichwa? Mtoto wako msusi, wewe uende na kiota. Atakuuliza kama umekuja kutaga."

Kageha alicheka bila kutaka. Kaltuma aliingia ndani akatoka na unga wa wimbi kwenye mfuko wa karatasi. "Mpelekee. Mwambie ni wangu, usimwambie ni wako, ataukataa. Cherehani nitaiangalia."

Alitembea. Alipanda hadi Makina, akapita Ayany ambako nyumba zina mageti, akatokea barabara ya Ngong. Njia nzima alikuwa akijifunza neno moja. Alilisema kwa Kimaragoli, likawa zito mno, kama la mtu mzee anayekaribia kufa. Akalisema kwa Kiswahili. Nisamehe. Likawa jepesi mno, kama la mtu aliyekukanyaga sokoni. Pale pa kuvuka barabara, mvuta mkokoteni wa mitungi ya maji alimwona akisitasita, akasimamisha mzigo wake wote katikati, akayainulia magari mkono. "Pita, shosho," alisema. Kageha alipita akiwa bado anasogeza midomo.

Alipofika Riruta jua lilikuwa kali. Alipofika Kongo aliuliza mara mbili, akaonyeshwa saluni ya Nduku, alikofanya kazi Annet, chumba cha mabati kilichopakwa rangi ya zambarau, chenye pazia mlangoni badala ya mlango.

"Karibu mathe!" alisema mwanamke mnene aliyekuwa akikausha nywele za mteja. Ndiye Nduku mwenyewe. "Unasukwa ama unaoshwa? Hiyo kitambaa unaishika kama iko na siri."

Wateja wawili walicheka. Nyuma kabisa, karibu na karai, Annet aliinua kichwa.

Kageha alikuwa amejitayarisha kuona nyekundu. Haikuwepo. Annet alikuwa amesukwa matuta meusi ya kawaida, ya nywele zake mwenyewe, na alikuwa amekonda shingoni.

"Huyu ni mama yangu," Annet alisema.

Kikausha nywele kilizimwa. "Ooh," alisema Nduku polepole. "Kumbe ndio huyu."

Hakuna aliyecheka tena. Msichana aliyekuwa benchini alijisogeza hadi ukutani kumpa nafasi, akapangusa na kiganja mahali alipokuwa ameketi. Kageha alimshukuru kwa macho.

"Unataka nini?" Annet aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza vile wateja wote huulizwa.

Neno lilikuwa pale pale, tayari. "Nioshe," Kageha alisema.

Alivua kitambaa. Annet alitazama kichaka kile muda mrefu.

"Hujachana tangu lini?"

"Tangu Sabatia."

Vidole vya Annet vilimgusa kisogoni, vikatulia hapo, kisha vikamwinamisha juu ya karai. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Aliosha mara moja, akamwaga, maji yakaenda na povu jeusi la vumbi. Akaosha mara ya pili. Kageha alifumba macho. Hakuwa ameguswa kichwa na mtu tangu wembe wa shangazi, na alihofia kwamba angelia ndani ya karai la saluni ya watu. Maji yalipokwisha, Annet alichukua ndoo akatoka kwenda bombani.

Nduku alikuja akasimama mbele yake na taulo.

"Mathe, mimi nitakuambia kitu, na ukitaka kunichukia unichukie. Zile rasta nyekundu ni mimi niliziweka."

Kageha alinyanyua uso, maji yakimtiririka shingoni.

"Isaac alikuja hapa analia. Mwanaume mzima. Annet yuko kwa kitanda siku ya nane, hali, haogi, anaangalia ukuta. Nilifunga saluni. Nikaenda, nikamwosha kama mtoto, nikamweka hapa katikati ya magoti yangu, nikasuka masaa sita. Sikujua kufanya kitu kingine, mimi ni msusi. Hiyo nyekundu ilikuwa imebaki ya bibi harusi mmoja, sikuwa na rangi ingine. Gauni ni la dadangu. Kucha, huyo msichana hapo ndiye alimpaka. Tulimvalisha tukamwambia, enda kwa mamako, usikae na huzuni peke yako." Alimrushia taulo begani. "Tukamtuma kwako, mathe. Ni sisi tulimtuma."

Msichana wa benchini alitazama kucha zake mwenyewe.

Annet aliingia na ndoo. Aliona nyuso zao, akajua. Alimketisha Kageha kwenye kiti cha chini, akaketi nyuma yake, akaanza kuchana. Iliuma. Kila fundo lilikuwa na mwezi wake. Annet alishika shina la nywele karibu na ngozi ili maumivu yasifike kichwani, kama Kageha mwenyewe alivyokuwa akimfanyia zamani, kila Jumapili kabla ya kanisa, na hilo lilimwuma zaidi. Kisha akagawa njia kwa mkia wa kitana, akaanza kusuka. Tuta la kwanza. La pili. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na vya haki.

Kwenye tuta la tatu Kageha alizungumza.

"Kuna ndege tunawashika kule bwawani," alisema. Aliongea akiangalia ukuta wa zambarau. "Nilikuwa nafikiria wale wenye manyoya mapya ndio wamebarikiwa. Kumbe ni wale wamepoteza vifaranga. Wanarudi mapema hawana mtu, na mwili unaanza kuwabadilisha. Ndunge alinieleza Jumamosi. Nikakufikiria wewe."

Vidole viliendelea. Tuta la nne.

"Nani alikueleza?"

"Ndunge. Yule msichana wa chuo kikuu."

"Na ukaamini."

"Anajua. Amesoma."

"Ndege." Annet alicheka kidogo puani, na hakikuwa kicheko. "Mimi nilikupigia simu, mama. Siku ya tano nikiwa kwa kitanda. Nilikuambia kwa mdomo wangu, mama siwezi kuamka, njoo. Unakumbuka ulisema nini?"

Kageha alikumbuka. Alikuwa na sare za kwaya za kumalizia. Simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega, na mguu haukuacha kanyagio.

"Ulisema kila mwanamke amezika. Ukasema nisome Zaburi. Na nilisikia cherehani ikiendelea." Tuta la tano. "Sasa ndege wa watu amekuja kutoka sijui wapi, hata hajaongea, na yeye umemwelewa."

Hapo ndipo neno lilipaswa kutoka. Kulikuwa na nafasi yake. Hata Nduku, aliyejifanya anapanga mafuta kwenye rafu, alikuwa amesimama akilingoja. Na Kageha, mwanamke aliyewahi kulala njaa ili wengine wale, aliyejua kupima mtu kwa jicho na kumshonea nguo isiyombana popote, alifungua mdomo akasema jambo lingine.

"Hata mimi nilikuwa na uchungu, Annet. Jina lilikuwa la baba yako. Nilimpoteza mara mbili."

Mikono ilitoka kichwani mwake.

Nje muuza mahindi alikuwa akiita.

"Tulikuwa tunaongea juu yangu," Annet alisema. "Hata dakika tano haijaisha."

"Annet—"

"Siwezi kuendelea. Mikono imekataa." Aliinuka. Alijipangusa mafuta kwa taulo, kidole kimoja kimoja, kama anayehesabu. "Nduku, mmalizie huyu mama, tafadhali."

"Hapana," Kageha alisema haraka. "Asiniguse mwingine."

Annet alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. Macho yake yalikuwa ya baba yake. "Basi enda hivyo," alisema, na akapita pazia akaenda kusimama nje juani, mgongo ukiwa kwao.

Nduku mwenyewe ndiye aliyemfunga kitambaa, akakikaza vizuri upande usiosukwa ili kisiteleze. "Huo unga niachie," alinong'ona. "Nitampikia uji. Sitasema umetoka wapi."

*

Wiki ya kwanza alingoja. Ya pili akapiga simu, akajibiwa na mwanamke wa mashine. Ya tatu nywele za upande usiosukwa zilianza kujifunga tena mafundo, na yale matuta matano yakaanza kutoa vinyweleo, kama kitambaa kinachoanza kuchoka.

"Njoo nikumalizie hiyo kitu," Kaltuma alisema. "Unatembea kama mtu aliyekimbia moto katikati ya saluni."

"Iache."

"Watu wanakucheka, Mama Annet."

"Wacheke. Ina mwenyewe."

Kaltuma alimtazama, akaacha mzaha. Siku iliyofuata alimletea kitambaa kikubwa zaidi, cha rangi nzito, akakiweka juu ya cherehani bila neno.

Ndege waliochakaa walikuja Septemba kama Ndunge alivyosema, sifuri kumi kwa kila bawa, na Kageha aliwaandika. Alikuwa ameacha mtindo wake. Aliwatoa kwenye kamba kwa jinsi walivyokuja, aliyetangulia kunaswa akatangulia kwenda, na hakumchungulia mtu mfukoni.

Jumamosi ya pili ya Oktoba kulikuwa na manyunyu. Ndege wa mwisho alikuwa kitwitwi kama wale wengine. Ndunge alilikunjua bawa lake chini ya mwavuli.

"Tano," alisema. "Tano. Tano. Tano. Tano."

Kageha alingoja nne, au mbili, yale yaliyo njiani.

"Sifuri hadi mwisho."

"Umeruka," Kageha alisema. "Hakuna unaoota?"

"Hakuna. Huyu amesimamisha. Matano mapya, matano ya zamani, katikati hakuna kitu. Alianza mahali, akafika nusu, akasimama."

"Anangoja nini?"

"Mara nyingine safari imemkuta katikati. Mara nyingine chakula. Hatujui yote."

"Na atamalizia?"

"Wengine humalizia, wakitulia. Wengine wanaruka hivyo hivyo hadi mwaka ujao."

Ndunge aliinua macho. Kitambaa cha Kageha kilikuwa kimelowa na kuteleza nyuma, na kichwa kilikuwa wazi, nusu na nusu, chini ya mwanga wa asubuhi ya mvua. Msichana yule alikitazama kwa muda wa pumzi moja. Kisha akainama, akaanza kupanga pete zake kwenye kikopo, ingawa zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Kageha aliandika tano mara tano. Akaandika sifuri mara tano. Kila moja aliiweka katikati ya kisanduku chake, bila haraka, na mpaka uliokuwa katikati aliuacha kama ulivyo. Kisha akanyoosha mkono apewe ndege.

Alimweka kwenye kiganja, akakifungua. Kitwitwi hakuruka. Alisimama hapo kwa miguu yake mirefu, akitetemeka na mapigo ya moyo, akitazama matope. Mvua ilimpiga mgongoni, ikatiririka juu ya yale mapya, ikayalowesha yale ya zamani. Alipoondoka aliondoka chini chini, karibu aguse magugu, akiinama kidogo upande mmoja.

Kageha alibaki amenyoosha kiganja. Mkono wa pili ulikuwa umepanda kichwani, na vidole vilikuwa vikifuata tuta la tano, polepole, kutoka kipajini hadi mahali lilipoishia.